Maswali ya Wasomaji: Reli ya Voi, Taveta na Kahe

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa zinazoulizia reli moja ya tawi, ile iliyotoka Voi, ikapita Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, kisha ikavuka mpaka na kuungana na reli ya Tanga pale Kahe. Kwa kuwa majibu yake yanategemeana, tumeona ni afadhali barua hizo zisomwe pamoja kuliko kuzigawa katika matoleo mbalimbali.

Swali: Ndugu Mhariri, sisi tuliozaliwa Mwatate tumekua tukiambiwa kwamba reli hii ililetwa na wazungu wa mkonge ili mkonge wao ufike Mombasa kwa urahisi. Hata hivyo, mwalimu wangu wa historia alisisitiza kwamba ilijengwa na jeshi. Nimsadiki nani?
*Msomaji, Mwatate*

Jibu: Msadiki mwalimu wako. Waliokusimulia habari za mkonge hawakubuni, ila wamegeuza mpangilio wa mambo: reli ilitangulia na mkonge ukaifuata.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ndiyo iliyokuwa tegemeo la Waingereza katika sehemu hizi, na ilipita karibu na mpaka wa koloni la Wajerumani kiasi cha kumfanya afisa yeyote wa jeshi akose usingizi. Kabla mwezi huo haujaisha, Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta. Kutoka hapo waliendelea kutuma vikosi vidogo vilivyovuka nyika kwa miguu, vikatega baruti kwenye reli, kisha vikarudi kabla ya kufuatiliwa. Wajerumani nao walikuwa na reli yao iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ambayo kufikia mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufika Moshi, na kwa reli hiyo waliweza kuleta askari, chakula na risasi hadi karibu na mpaka bila shida.

Waingereza walijaribu kwanza kuikata reli hiyo kwenye chanzo chake, kwa kuishambulia Tanga kutoka baharini mwanzoni mwa Novemba 1914, na huko walishindwa vibaya na jeshi dogo la kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Baada ya kushindwa huko, njia iliyobaki ilikuwa ya nchi kavu, yaani kuingia kupitia pengo lililo kati ya mlima Kilimanjaro na milima ya Upare, ambalo Taveta imekaa mlangoni mwake. Kati ya Voi na Taveta, hata hivyo, kulikuwa na zaidi ya kilomita mia moja za nyika, na sehemu kubwa ya nyika hiyo haikuwa na maji. Jeshi la maelfu ya watu, pamoja na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo, lisingeweza kuivuka kwa kutegemea wapagazi na mikokoteni pekee, kwa sababu wapagazi wenyewe wangekunywa na kula sehemu kubwa ya kile walichokibeba.

Ndipo ilipoamuliwa kwamba ijengwe reli ya kijeshi. Kazi ilianza katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1915 chini ya makampuni mawili ya wahandisi wa reli kutoka jeshi la India, kampuni ya 25 na ya 26, wakisaidiwa na vibarua Waafrika ambao majina yao, kama ilivyo kawaida ya kumbukumbu za wakati ule, hayakuandikwa kwa uangalifu uliotumika kuandika majina ya maafisa. Katikati ya mwaka huo reli ilikuwa imefika Maktau. Bomba la maji lilitandazwa kutoka vijito vya Bura hadi huko, na mbele ya mwisho wa bomba maji yalipelekwa kwa matangi juu ya mabehewa. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini vita vya sehemu hii vilikwenda polepole kwa karibu mwaka mzima asianzie kwenye mizinga, bali aanzie kwenye bomba hilo, kwa sababu jeshi halikuweza kusogea mbele zaidi ya pale maji yalipofika.

Mbuyuni, iliyo mbele ya Maktau kuelekea Taveta, ilikaliwa na Waingereza Januari 1916. Tarehe 12 Februari askari wa Afrika Kusini, wengi wao wakiwa wageni kabisa katika nchi hii, walitumwa kukishambulia kilima cha Salaita na wakarudishwa nyuma. Siku chache baadaye Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi yote ya Waingereza katika Afrika Mashariki. Mwezi Machi aliizunguka Salaita badala ya kuivamia, akaichukua Taveta, na baada ya mapigano makali kwenye vilima vya Latema na Reata jeshi lake likaingia Moshi. Wajerumani waliporudi nyuma kupitia Kahe walilipua daraja la reli lililokuwa hapo. Reli ya kutoka Voi iliendelea kulifuata jeshi hadi ikaungana na ile ya Tanga mwaka huohuo wa 1916. Kuungana huko kulirahisishwa na jambo moja ambalo halikupangwa na mtu yeyote: reli ya Waingereza na reli ya Wajerumani zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja.

Mashamba makubwa ya mkonge unayoyaona Mwatate, na yale ya upande wa Taveta, yalistawi baada ya vita, kwa kuwa tayari palikuwa na reli ya kubebea marobota. Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, alianzisha mashamba yake ya Taveta katika kipindi hicho cha baina ya vita viwili vikuu, na nyumba yake ya kifahari bado imesimama juu ya kilima, si mbali na mji. Mkulima wa aina yake asingejaribu kulima zao zito kama mkonge mahali ambapo kulifikisha bandarini kungemgharimu kuliko kulilima.

Swali: Je, njia ya reli hii ilichaguliwaje? Ukitazama ramani unaona haiendi moja kwa moja, bali inazunguka vilima vya Taita kwa upande wa kusini. Tafadhali tueleze pia stesheni zake.
*Msomaji, Wundanyi*

Jibu: Tuanze na ramani. Voi iko kiasi cha kilomita 160 kutoka Mombasa kwa reli ya zamani. Hapo tawi liliachana na njia kuu, likaelekea magharibi kwenye udongo mwekundu, likipanda taratibu hadi Mwatate chini ya vilima vya Taita. Baada ya Mwatate lilifuata miguu ya vilima hadi Bura, kisha likatokea Maktau, ambako ndiko sehemu ya juu ya safari ilipo, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Kutoka Maktau njia ilianza kushuka kupitia nyika ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, ikafika Mbuyuni, ikapita karibu na Salaita, ikavuka mto Lumi unaomwaga maji yake katika Ziwa Jipe, na kuingia Taveta. Baada ya Taveta iligeukia kusini-magharibi, ikavuka mpaka na kumalizikia Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi. Urefu wake wote ulikaribia kilomita 150, na takribani robo tatu ya urefu huo iko Kenya.

Kuhusu kuchaguliwa kwake, wahandisi hawakugundua njia mpya. Waliifuata njia ya misafara iliyokuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wa pwani kwa miaka mingi kabla ya reli yoyote kufikiriwa. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona Kilimanjaro mwezi Mei 1848, alipitia nchi ya Taita akielekea Uchaga, na Joseph Thomson aliposafiri kwenda Umasaini mwaka 1883 alipumzika Taveta kama walivyofanya viongozi wa misafara ya Waswahili waliomtangulia. Sababu ya wote kupita huko ni ileile iliyowaelekeza wahandisi wa mwaka 1915: Bura kulikuwa na maji ya vijito vinavyoshuka kutoka vilimani, na Taveta kulikuwa na msitu, mto na chakula. Kati ya sehemu hizo mbili ilibidi kuvumilia kiu, lakini ukikatiza kwa njia iliyonyooka zaidi unavumilia kiu ndefu zaidi.

Faida nyingine ni kwamba ardhi yenyewe haikuwa na ukaidi mkubwa. Ukilinganisha na mteremko wa Bonde la Ufa, ambako wajenzi wa reli ya Uganda walihangaika sana, hapa hapakuhitajika mahandaki wala madaraja marefu. Palihitajika matuta ya udongo, makalvati ya kupitisha maji ya mvua na mataruma mengi ya kulaza reli juu yake. Ndiyo maana reli iliweza kutandazwa kwa miezi badala ya miaka. Kasi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na gharama yake, kwa kuwa reli iliyojengwa kwa haraka ya vita huhitaji kuimarishwa baadaye kabla ya kubeba mizigo mizito ya kibiashara siku baada ya siku.

Swali: Karibu na Salaita kuna mbuyu ambao watu husema mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwadungua askari wa Kiingereza mmojammoja. Je, ni kweli?
*Msomaji, Taveta*

Jibu: Ni simulizi ya siku nyingi, na watembezaji wa watalii wanaipenda. Vita vya Salaita vilikuwapo bila shaka, na wadunguaji walitumiwa na pande zote mbili. Habari za mwanamke huyo tunashauri zisimuliwe kama simulizi, na mtu asiziingize katika insha ya historia kana kwamba zimethibitishwa. Anayetaka ushahidi usio na shaka atembelee makaburi ya vita yaliyoko Voi, Maktau na Taveta, ambayo yanatunzwa vizuri na yako wazi kwa wageni.

Swali: Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa huku Uchagani. Husema kwamba zamani alikuwa akipanda treni Moshi na kushuka Mombasa, bila kufika Tanga wala Dar es Salaam. Vijana wanamcheka. Je, safari hiyo iliwezekana?
*Msomaji, Moshi*

Jibu: Waambie vijana wamwombe babu radhi. Safari hiyo iliwezekana na ilikuwa ya kawaida kabisa. Abiria alitoka Moshi hadi Kahe kwa reli ya Tanga, akashika tawi hili hadi Voi, na Voi akaingia kwenye njia kuu. Kutoka hapo angeweza kuelekea Mombasa, Nairobi au hata Uganda.

Kuna jambo la ajabu zaidi ambalo huenda hata babu yako hakulifikiria sana wakati ule. Kwa muda mrefu, reli ya Tanga haikuwa imeungana kwa njia yoyote na reli ya kati inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Tabora na Kigoma. Kiungo kati ya Mnyusi na Ruvu kilifunguliwa mwaka 1963 tu. Kabla ya hapo, behewa lililokuwa Moshi lingeweza kusukumwa kwa reli hadi Kampala, lakini lisingeweza kufika Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi yake. Reli pekee iliyoitoa Moshi, na Arusha pia baada ya reli kufika huko mwaka 1929, nje ya bonde la Pangani ilikuwa hii iliyojengwa kwa ajili ya kulisha jeshi.

Hali hiyo ilizusha mvutano ambao mara nyingi husahaulika. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya vita, nchi zote mbili zilikuwa chini ya bendera moja, lakini kila moja ilikuwa na serikali yake, bajeti yake na reli yake ya kutafutia fedha. Kilindini, bandari ya Mombasa, ilipata magati ya kina kirefu katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, ambapo meli zilitia nanga kando ya ukuta na kupakiwa moja kwa moja. Tanga iliendelea kutegemea matishari ya kupeleka mizigo hadi kwenye meli zilizosimama mbali kidogo. Msafirishaji wa kahawa alikuwa na sababu nzuri ya kupendelea Mombasa, na watetezi wa Tanga walikuwa na sababu nzuri ya kulalamika kwamba tawi la Voi linawanyang'anya mzigo ambao kijiografia ulikuwa wao. Kwa maoni yetu malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Reli ya Tanga ilijengwa kwa gharama kubwa ili kuihudumia nchi hiyohiyo ya Kilimanjaro, nayo ikajikuta inashindana na njia ambayo mjenzi wake hakuwahi kufanya hesabu ya biashara hata moja.

Ushindani huo ulipungua mwaka 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipowekwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Tangu hapo, mfuko uliopokea nauli ya Voi ndio uliopokea nauli ya Tanga, kwa hiyo ushindani wa zamani ukabaki kuwa suala la kupanga ratiba.

Swali: Kama reli hii ilikuwa na manufaa kiasi hicho, kwa nini ilikufa? Wengine husema ni malori, wengine husema ni siasa.
*Msomaji, Voi*

Jibu: Ni siasa kwanza, malori baadaye.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli la pamoja liligawanywa, kila nchi ikabaki na lake, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari mwaka huo. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Karibu miaka saba ni muda mrefu kwa reli isiyopitiwa na treni. Majani huota, mvua huchimba matuta, na vyuma huibwa. Lililo baya zaidi ni kwamba wafanyabiashara waliokuwa wakiitumia hulazimika kutafuta njia nyingine, na wakishaizoea hawarudi kwa urahisi. Katika miaka hiyo kahawa ya Moshi ilishuka Tanga na Dar es Salaam, na mizigo ya Kenya iliyokuwa ikienda kaskazini ya Tanzania ilikatika.

Upande wa Kenya treni ziliendelea kwa muda kufika Taveta, lakini sasa tawi lilikuwa limepoteza nusu ya maana yake. Reli iliyobuniwa kuvuka mpaka iliishia kwenye mji mdogo wa mpakani, ikitegemea mkonge na abiria wachache, katika nyika yenye watu wachache. Hapo ndipo malori yalipoingia. Lori halihitaji kufanyiwa matengenezo ya kilomita mia moja za njia kabla ya kubeba robota la kwanza, na barabara ya Mwatate hadi Taveta ilipowekwa lami, hata lile faraja la mwisho la reli, yaani kwamba ilipita pale gari linapokwama wakati wa masika, likaondoka.

Tungependa kuongeza kwamba upande wa Tanzania nao ulipitia dhiki yake, kwa sababu treni za abiria za Moshi zilisimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Zilirudi Desemba 2019, na mwaka uliofuata zikafika Arusha. Kwa hiyo Kahe inasikia tena honi ya treni, na Voi haijawahi kuacha kuisikia. Kilichokatika ni kipande kilicho katikati.

Swali: Sasa tuna reli ya kisasa ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 na ina stesheni pale Voi. Kwa nini isiunganishwe tu na reli hii ya zamani ili treni ziende hadi Taveta na Moshi?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kwa sababu treni ya SGR haiwezi kupita juu ya reli ya zamani. Upana wa reli ya SGR ni milimita 1,435 na wa reli ya zamani ni milimita 1,000. Magurudumu ya behewa la upana mmoja hayakai juu ya reli za upana mwingine, kwa hiyo pale njia mbili zinapokutana mizigo hulazimika kuhamishwa kwa kreni na abiria kubadilisha treni.

Kuna njia mbili zinazoweza kufuatwa. Ya kwanza ni kujenga tawi jipya la SGR kutoka Voi hadi Taveta, jambo ambalo limezungumzwa mara kwa mara katika mipango ya reli ya kanda hii. Tawi hilo likifika mpakani, litakutana na reli ya Tanzania ya mita moja, na tatizo la kuhamisha mizigo litakuwa limehamia Taveta au Kahe, hadi hapo Tanzania itakapotekeleza mpango wake wa kujenga reli ya upana huo mpya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Ya pili ni kuifufua reli ya zamani. Reli hiyo bado inapatana kwa upana na njia ya zamani ya Mombasa kwa upande mmoja na reli ya Tanga kwa upande mwingine, kama ilivyopatana mwaka 1916, na kwa hiyo behewa moja lingeweza kutoka bandarini hadi Arusha bila kufunguliwa mlango.

Kazi ya kufufua si ndogo. Mataruma mengi yatabadilishwa, matuta yatajengwa upya, na katika sehemu inayopita ndani ya hifadhi itabidi wahandisi wakubaliane na wasimamizi wa wanyamapori kuhusu uzio, kasi na vivuko vya tembo. Ni vizuri kukumbuka vilevile kwamba reli haikuvukia mpaka pale Holili, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2016, bali kusini zaidi, kwa hiyo patahitajika mpango tofauti wa kukagua mizigo ya treni. Lakini kazi ya aina hii imekwisha kufanywa nchini: reli ya zamani ya Nanyuki, ambayo nayo wengi walikuwa wameikatia tamaa, ilikarabatiwa na kuanza kupitisha treni tena mwaka 2020. Kama fedha zilizopo zinatosha mradi mmoja tu kwa sasa, sisi tungeanza na wa kukarabati, kwa sababu utabeba mizigo mapema zaidi, na kiasi cha mizigo hiyo kitawaonyesha wapangaji kama tawi la SGR litaweza kulipa gharama zake.